Mkwe wa Serikali Mbili

Siku ya kwanza nilipofika kazini kwa Bibi, kabla hata sijavua koti, aliniuliza kabila langu. Aliniuliza kwa Kiswahili. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, ghorofa ya pili, nyuma ya ile barabara ndefu ya maduka ya Rockville. Ofisi inayotutuma kuhudumia wazee ilikuwa imeniambia tu kwamba ni mama wa Kichina, anaishi peke yake, goti moja bovu, ulimi mzima. Ulimi wenyewe unajua lugha gani, hawakusema.

"Mhehe," nikajibu. Mshangao ulinifanya niwe mkweli.

Bibi aligeuka akachungulia dirishani. "Ndugu," akasema, "jirani wa chini ana mbwa mdogo mweupe. Nakuomba umwache."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, Wahehe tunataniwa nchi nzima kwamba tunakula mbwa. Nimetaniwa hivyo Iringa, nimetaniwa Dar es Salaam, nimetaniwa Maskati na Minneapolis, kila mahali ambako nyayo zangu ziliwasha nikahamia. Lakini kutaniwa na Mchina, Maryland, asubuhi kweupe, hilo lilikuwa jipya. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kibao cha kuvulia viatu.

"Bibi, wewe ndiye wa kunitania mimi habari za mbwa?"

"Ndiyo," akasema bila haya. "Nimewahi mimi kwanza."

Alikuwa mkalimani ujanani mwake. Alifundishwa Kiswahili huko kwao Beijing, akaletwa kwetu wakati Wachina wanajenga reli ya kwenda Zambia, akakaa kwenye kambi zao upande wa Makambako. Huko wafanyakazi wetu walimfundisha ambacho mwalimu wake hakuwa nacho: nani anamtania nani, na kwa nini mtani hakasirikiwi. Kisha alirudi kwao, na Kiswahili chake kikabaki palepale kilipokuwa siku ile anaondoka, kama nguo nzuri iliyofungiwa sandukuni. Kila mtu kwake alikuwa ndugu. Mimi ndugu, daktari ndugu, msomaji wa habari kwenye televisheni ndugu pia, hasa akidanganya. Jambo likimpendeza alisema "barabara kabisa," neno ambalo mara ya mwisho nililisikia kwa marehemu baba yangu.

Mimi niliishia kidato cha nne, na historia ya China niliyofundishwa shuleni ingeenea kwenye bahasha. Bibi aliamua kuniongezea. Tulikuwa tukitengeneza vile vidonge vyao vya unga vinavyokunjwa na nyama ndani, yeye anakunja, mimi naharibu, naye akisimulia habari za ukoo mmoja wa Shanghai ambao, kwa maneno yake, uliwahi kuishika China kama mama anavyoshika watoto wawili wanaopigana, mmoja kila mkono.

Baba wa ukoo huo alikwenda Marekani akiwa kijana, akarudi Mkristo, akachapisha vitabu vya dini na kupata mali, na kwa siri akawasaidia waliokuwa wakipanga kumwangusha mfalme. Mabinti zake watatu akawapeleka kusoma hukuhuku Marekani, wakati ambapo wasichana wengi wa kwao hawakutoka uani. Waliporudi wakaolewa. Wa kwanza aliolewa na tajiri aliyekuja kushika hazina ya nchi. Wa pili alitoroka nyumbani akaolewa na kiongozi wa mapinduzi mwenyewe, mtu wa umri wa baba yake na tena rafiki wa baba yake. Wa tatu aliolewa na jenerali aliyekuja kuitawala China, kwa sharti la mama mkwe kwamba jenerali asome Biblia kwanza.

"Kwa hiyo mzee yule alikuwa mkwe wa serikali mbili," nikasema.

Bibi aliacha kukunja. Alizijua serikali mbili za kwetu, ya Muungano na ya Zanzibar, na alijua tunavyozigombania. Alicheka mpaka unga ukamwingia puani. "Mkwe wa serikali mbili! Na hakufaidi hata moja, Ndugu. Yule mkwe wa mapinduzi alimkataa kwa hasira. Mkwe jenerali alikuja yeye ameshakufa."

Halafu vita vikaisha vibaya kwa jenerali. Akakimbilia kisiwani Taiwan na mkewe, yule binti wa tatu. Binti wa pili akabaki bara pamoja na wakomunisti, akapewa heshima na cheo. Dada hawa hawakuonana tena. Wa pili alipokuwa mahututi, miaka mingi baadaye, mdogo wake hakwenda.

Hapo Bibi hakusema "barabara kabisa." Alihesabu vidonge vilivyoharibiwa na mimi akavitenga kando.

Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa ananisimulia habari zake mwenyewe. Baba yake alikuwa mpishi wa supu katika nyumba ya jamaa wa ukoo ule. Nyumba ilipofunga mizigo kwenda kisiwani, mpishi aliambiwa nafasi ipo, yake na ya mkewe na ya mtoto wa mgongoni. Binti mkubwa, ambaye ndiye Bibi, aliachwa kwa nyanya yake aje na meli itakayofuata. Meli iliyofuata haikuja.

Yule mtoto wa mgongoni sasa alikuwa mama wa makamo ya uzee, mnene wa sauti, anaishi Herndon, ng'ambo ya mto, upande wa Virginia. Mimi nilimwita Bibi Mdogo. Alikulia Taiwan, akaja Marekani kusoma akiwa msichana, akabaki. Bibi alikuja uzeeni, akimfuata mwanawe. Kwa hiyo baada ya maisha mazima, dunia iliwaweka dada hawa wawili mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, nao wakautumia ukaribu huo kugombana.

Waligombana juu ya ukoo ule. Si juu ya watoto, si juu ya urithi, maana mpishi wa supu hakuacha kitu. Kila Jumapili simu ililia, Bibi akaiweka mezani iwe na sauti kubwa, na baada ya salamu wakaanza. Walianza kwa Kichina. Wakipandwa na hasira walihamia Kiingereza, ili mimi niliyekuwa napiga pasi niwe shahidi.

"Yule wako aliyebaki," Bibi Mdogo alisema, "alikuwa ua la plastiki kwenye sebule ya chama. Wageni wakija linapanguswa vumbi."

"Na yule wako aliyekimbia," Bibi alijibu, "alikwenda na masanduku mengi kuliko wanajeshi."

"Alihutubia bunge la hapa Washington! Wanaume wazima walisimama wakampigia makofi!"

"Mtu hali makofi akashiba. Ndugu, makofi yanaliwa?"

"Mimi nipo kwenye mashati tu," nilisema.

Sherehe za mwaka wao mpya kabla sijaajiriwa ndipo mambo yalipoharibika. Walikuwa kwenye hoteli moja ya Wachina hapa Rockville, samaki mzima yuko mezani, na mmoja akasema neno juu ya binti wa pili, mwingine akarudisha juu ya binti wa tatu. Bibi Mdogo aliondoka samaki hajageuzwa upande wa pili. Tangu siku hiyo ilikuwa simu tu. Bibi alisema yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo mdogo ndiye wa kuja kusalimia. Bibi Mdogo alisema yeye ndiye aliyetangulia Marekani, ni mwenyeji, kwa hiyo mgeni ndiye wa kwenda kubisha hodi. Mila zote mbili ni za kweli. Nilizikuta hata kwetu, zikizuia watu wazima wasionane.

Masika yaliyopita mwanawe Bibi alinunua nyumba Arizona yenye chumba cha chini kisicho na ngazi. Goti lilikuwa limeshinda. Ikaamuliwa mwisho wa mwezi Bibi atahamia huko. Alikubali bila ubishi, na mimi niliyemzoea nilijua mtu huyu asipobisha kuna jambo. Kila nikifungasha sahani alinitolea mbili. "Hizi acha kwanza." Mbili, pamoja na vijiti vyake, zilibaki kabatini. Alitaka mdogo wake aje ale mezani kwake, mara moja, kabla hajaondoka. Lakini kumwambia "njoo" hakuweza.

"Mwambie tu, Bibi. Neno moja."

"Mkubwa haombi."

Asubuhi moja nikimchua goti aliniuliza kama namkumbuka mnyapara Mngoni aliyezikwa kambini kwao. Nilimwambia wakati huo mimi sijazaliwa. Hakujali. Alisimulia jinsi walivyofika makaburini na jeneza, wakakuta mtani wa marehemu ameshashuka kaburini, amejilaza, anasema hapa pamejaa, marehemu arudishwe nyumbani akafue nguo zake. Hakutoka mpaka alipopewa soda. Mjane alikuwa akilia, na hapohapo akacheka, akaweza kusimama. Wahandisi wa Kichina walidhani ni fujo, wakataka kuita askari. Bibi ndiye aliyepaswa kuwatafsiria.

"Uliwaambiaje?"

"Niliwaambia ni daktari wa huku." Akavuta simu yake mezani. "Ndugu, nitamtania mdogo wangu."

Nilimwambia haiwezekani. Mtani ni wa kabila jingine, au shemeji, au babu na mjukuu. Ndugu wa tumbo moja hawataniani, wanaumizana.

"Sisi ni makabila mawili," akasema. "Mimi wa bara, yeye wa visiwani."

Kwa Mtanzania hoja hiyo ni ngumu kuipinga. Kabla sijamaliza kumchua goti alikuwa ameshapiga simu. Alizungumza Kichina, maneno machache, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. Upande wa pili ukakata simu.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nimekufa. Aje anililie kabla Mhehe hajabeba vyombo."

Alitabasamu, akingoja simu ilie tena. Haikulia. Alipiga yeye, haikupokelewa. Mchana wake tabasamu lilikuwa limekwisha, akaniambia jambo ambalo angepaswa kuniambia mapema: kwao mzee hatajiwi kifo, wala mwenyewe hajitajii. Ni mkosi. Mama yao alikuwa akitema mate chini mtu akilitaja neno lenyewe karibu na mgonjwa. Ule ulikuwa utani halali wa Makambako, lakini ulikuwa umetua Herndon.

Jumapili ilikuja, simu ya ugomvi haikupigwa. Sikujua jinsi nyumba ile ilivyokuwa ikiishi kwa ugomvi mpaka ilipokosa. Bibi hakunitania. Nilivaa makusudi blauzi yenye picha ya mbwa, akaipita kama ukuta. Nilitaka kumpigia Bibi Mdogo mimi mwenyewe, akanikataza.

"Yule binti wa pili alikufa akimngoja mdogo wake," akasema. "Nami nitahama nikingoja. Mpishi na bosi wake, mwisho mmoja."

Kisha akaniambia nifunge zile sahani mbili. Nilizifunga kwa gazeti, polepole, labda angebadili mawazo. Hakubadili.

Jumamosi, maboksi yakiwa yamepangwa ukutani, kengele ya mlango ililia. Nilifungua nikamkuta mama mfupi aliyevaa nyeupe juu mpaka chini, koti jeupe, suruali nyeupe, na kitambaa cheupe kimefungwa kichwani vibaya. Nyeupe ndiyo nguo yao ya msiba. Teksi ilikuwa ikigeuza chini.

"Wewe ndiye Mhehe?" akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti niliyoizoea kutoka mezani.

"Ndimi."

"Maiti iko wapi?"

Bibi alikuwa amesimama katikati ya sebule kwa mkongojo wake, mdomo wazi. Bibi Mdogo hakumsalimia. Alimwonyesha kochi. "Ulinipigia simu ukasema umekufa. Nimelipa teksi kutoka Virginia kuja kukulilia. Lala."

"Nilikuwa nata..."

"Maiti haiongei! Lala!"

Na Bibi, aliyezoea kumbishia daktari na mwanawe, akalala. Nilimsaidia kupandisha goti. Alikunja mikono kifuani, akafumba macho, nikaona mdomo wake unapigana na kicheko. Bibi Mdogo alipiga magoti kwenye zulia kwa kuguna, akavuta pumzi, akaanza kulia kwa sauti ya matanga ya kwao, sauti inayopanda na kushuka na kusimulia huku ikilia, kama waombolezaji wetu wa zamani. Ilikuwa kejeli, nami nilicheka. Mbwa wa chini alibweka.

Sijui ni wapi hasa kejeli iliishia. Nilikuwa bado nacheka nilipoona mgongo wa yule mama unatikisika bila mpangilio wa wimbo. Maneno yalikuja kwa vipande. Bibi pale kochini hakuwa akipigana na kicheko tena. Machozi yalimtoka kwenye kope zilizofumbwa yakashuka masikioni, naye hakuyafuta, kwa sababu maiti haifuti.

Kisha alifumbua jicho moja akasema kitu kwa Kichina. Bibi Mdogo akajibu kwa ukali. Baadaye Bibi ndiye aliyenitafsiria, na kama kawaida ya mkalimani hakuongeza lake. Mdogo wake alisema: Nilikuwa mtoto wa mgongoni, sikuchagua mgongo. Mama alitengeneza kitanda chako Taiwan akakitandika kila siku, nami nililala chini kwa sababu hicho kilikuwa chako. Bibi akamjibu: Sikuwahi kusema umechukua nafasi yangu. Na mdogo akasema: Umesema kila mwaka mpya. Umetumia tu jina la mke wa jenerali.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa na kufunguliwa kwa mkupuo mmoja. Alikuwa jirani wetu wa mlango wa pili, nesi Mkenya kutoka Kakamega, anayefanya zamu za usiku hospitalini na kulala mchana. Kilio kilikuwa kimempitia ukutani. Alikuwa na kanga kiunoni, sahani ya chapati mkono mmoja, thamosi ya chai mkono wa pili, na uso umeshajiandaa.

"Woi, dada yangu! Woi! Pole sana! Mbona hukuniita? Shosho ameenda saa ngapi?"

Shosho, yaani Bibi, alikaa kochini, akavuta kamasi.

"Yesu!" Nesi aliruka nyuma, chapati ya juu ikaanguka kwenye boksi. "Kwani si ni huyu?"

"Ni huyu," nikasema.

"Na si amekufa?"

"Alikuwa amekufa. Amepumzika kidogo."

Alitazama yule wa nyeupe, akamtazama marehemu, akanitazama mimi. "Nyinyi Watanzania mna mambo, lakini hii imezidi. Mimi nimeshatuma kwa grupu ya akina mama wa kanisa! Watu wanapika, mama!"

Simu yake ilikuwa inatetemeka mfukoni bila kupumua. Bibi, aliyeelewa kila neno, alinyoosha mkono. "Ndugu nesi, hebu soma. Wamesema nini juu yangu?"

Nesi alisoma, kwanza kwa aibu, kisha kwa kunogewa. Mmoja alisema tumempoteza mama mpole. Mwingine kwamba upole wake na maneno yake ya amani yatakumbukwa daima. Nilimtafsiria Bibi Mdogo kwa Kiingereza. Alisikiliza kwa makini, kitambaa kimemshukia jicho moja.

"Hawa watu wanamjua?" akauliza.

"Hapana."

"Nilidhani hivyo."

Bibi alitokwa na kicheko kikubwa, kile cha unga puani, na mdogo wake akacheka huku amemkasirikia kwa kumchekesha. Nesi aliketi juu ya boksi la sufuria, akawaandikia akina mama wa kanisa kwamba marehemu anaendelea vizuri na anauliza kama kuna ndengu, zile choroko za kwao.

Nilifungua gazeti nikatoa zile sahani mbili. Hakuna aliyeniambia. Waliketi mezani, mkubwa upande wa jiko, mdogo upande wa dirisha, wakala chapati za Kakamega kwa vijiti, jambo lililomuuma nesi kulitazama. Kwa muda hawakutaja ukoo wowote. Kisha Bibi Mdogo akasema kwa Kiingereza, akitazama chai yake: "Nimemtetea yule mwanamke kwa kila kitu. Masanduku, makofi, mume wake. Lakini dada yake alipokuwa mahututi, hakwenda. Hilo sijawahi kupata la kusema."

"Walimwalika," Bibi akasema.

"Najua walimwalika."

"Labda walimwalika kwa adabu mno."

Akina mama wa kanisa walifika wawili na ndengu, wakamshika marehemu mkono, wakasali kidogo kwa tahadhari, wakaondoka pamoja na nesi aliyehitaji kulala. Mimi niliosha vyombo. Nyuma yangu vita vilikuwa vimeanza upya, safari hii kuhusu binti wa kwanza, yule wa tajiri wa hazina, ambaye kwa muda wote huo hakuwa amepata mtetezi. Ilionekana wote wawili hawampendi, na kule kukubaliana kuliwachanganya.

Kivuli cha jengo la mbele kilipofika mezani, Bibi Mdogo alitazama saa. Alisema anapaswa kurudi Herndon, lakini daraja la mto saa hizi huwa na foleni mbaya. Akaniuliza hali ya barabara.

Nilikausha mikono nikafungua ramani kwenye simu. Ilikuwa kijani tupu, kutoka kwetu hadi mlangoni kwake. Bibi alikuwa ananitazama juu ya kikombe. Hakukonyeza jicho, hakutikisa kichwa. Mkubwa haombi.

"Nyekundu," nikasema. "Nyekundu yote."

"Itapungua lini?"

"Haisemi."

Bibi Mdogo aliguna, akafungua kile kitambaa cheupe kichwani, akakitumia kupangusa makombo ya chapati upande wake wa meza, halafu na upande wa dada yake.

"Basi jioni mnakula nini nyumba hii?" akauliza. "Na asinipikie Mhehe."